Kushona nguo Arusha na Moshi mkiwa safarini: mwongozo kamili kwa kundi la marafiki

Fundi wa Arusha au Moshi hashindwi kushona gauni. Anachoshindwa ni kulimaliza Jumamosi asubuhi wakati kitambaa alikipokea Ijumaa jioni, kukiwa na sare za shule mezani na umeme umekatika. Kwa hiyo kundi linalotoka Kenya na kuvuka mpaka wa Namanga, Holili au Tarakea kuja kushonesha lianze na kalenda. Duka la vitenge litafuata.

Hesabuni siku kutoka mwisho

Andikeni kwanza siku na saa ya basi la kurudi. Rudini nyuma siku mbili: hiyo ndiyo siku ya kuchukua nguo. Rudini tena siku mbili: hiyo ni siku ya kujaribu. Siku moja kabla ya kujaribu ni ya kukata, na siku moja kabla ya kukata ni ya kununua na kuloweka kitambaa. Jumla ni kama siku saba kwa gauni au shati la kawaida, ingawa kazi yenyewe ya charahani ni saa chache tu. Suti yenye bitana, au gauni la mitindo mingi lenye zipu ya kufichwa, liongezeeni siku tatu au nne. Mkiwa na siku tatu tu mjini, shoneni vitu visivyobana mwili: dera, sketi ya lastiki, shati pana, kaftani. Gauni la kubana kwa siku tatu ni kamari.

Jumapili msiihesabu. Maduka mengi ya vitambaa na vibanda vya mafundi hufungwa, Moshi hasa. Ijumaa mchana mafundi Waislamu huenda kuswali, basi miadi ya saa saba wekeni saa tisa. Na hii si ya kusahau: Desemba yote Moshi imejaa watu wanaorudi nyumbani kula Krismasi, na harusi nazo ziko juu. Mwanzoni mwa Januari na kuelekea Julai mafundi hushona sare za shule, na kuelekea Idi ni kanzu na madera. Kwa kundi kubwa, Kwaresima ni kipindi kizuri kwa sababu harusi za kanisani hupungua, ila huangukia kwenye masika au karibu yake, hivyo kitambaa kilicholowekwa hukauka polepole.

Wanaopanda Kilimanjaro wana mtego wao. Inaonekana ni akili kumwachia fundi vitambaa, kwenda mlimani siku tano au sita kwa njia ya Marangu, sita au saba kwa Machame, kisha kushuka na kukuta nguo tayari. Nguo mtazikuta, lakini zitakuwa zimeshonwa hadi pindo bila mtu kuzijaribu, na usiku ule ule mna basi. Jaribuni kabla ya kupanda, hata kama nguo imeshikizwa tu kwa uzi mrefu wa mkono. Mkishuka kinachobaki ni pindo na vifungo.

Mji gani? Kati ya Arusha na Moshi ni kama kilomita 80, na safari ya kwenda kujaribu nguo mji wa pili inakula nusu siku. Shoneni mnapolala. Arusha, anzieni maduka yaliyo kuzunguka Soko Kuu, kisha Kilombero. Moshi mambo ni rahisi zaidi kwa mgeni: kuzunguka Soko Kuu mafundi wamekaa barazani, mbele ya maduka yale yale yanayouza vitenge, unanunua na kupimwa bila kuvuka barabara.

Kitambaa: mita, yadi na doti

Kitenge huuzwa kwa yadi, na yadi moja ni sentimita 91. Pisi nzima huwa yadi 6. Neno doti lina uhakika kwenye khanga, maana ni pande mbili zisizokatwa, lakini kwenye kitenge muulize muuzaji doti yake ni yadi ngapi kabla ya kukubali bei. Upana wa vitenge vingi ni inchi 44 hadi 46. Kwa upana huo, mtu wa umbo la kati:

Gauni la magotini lenye mikono mifupi: yadi 3.
Gauni refu la malinda au lenye mkia: yadi 5, wakati mwingine pisi nzima.
Sketi ya kubana ya magotini: yadi 1 na nusu.
Shati la kiume, mkono mfupi: yadi 2 na nusu, mkono mrefu, yadi 3.
Suruali: yadi 2 na nusu hadi 3.

Kitambaa cha suti kina upana mkubwa zaidi, inchi 58 hadi 60, hivyo suti ya kiume ya vipande viwili hutosha kwa mita 3 na nusu. Aliye mrefu sana au mnene aongeze nusu yadi. Ua likiwa kubwa, au ndege na miti yote inatazama juu, ongeza nusu yadi nyingine, kwa sababu fundi hawezi kugeuza vipande kichwa chini ili kubana nafasi. Akigeuza, mgongoni utakuwa na ndege wanaoanguka.

Pisi moja ya yadi 6 inatosha gauni fupi la mmoja na shati la mkono mfupi la mwingine, na mabaki yanatoa kilemba. Marafiki wawili wanaogawana pisi wanaokoa fedha nyingi kuliko watakavyookoa kwa kubishana bei ya ufundi.

Kabla ya kulipa, fanyeni majaribio matatu. La kwanza, lowesha leso nyeupe (ile ya kufutia jasho) usugue pembeni mwa kitambaa. Ikipata rangi, nguo hiyo itachuja na haifai kuchanganywa na nyeupe. La pili, tazama upande wa nyuma: kitenge cha waksi kizuri rangi yake imepenya, pande zote mbili karibu sawa, wakati cha kuchapwa juujuu nyuma huwa kimepauka. La tatu, omba uzi mmoja uuchome kwa kiberiti. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Poliesta si haramu, ila kwa joto la Moshi la Januari na Februari utaijutia. Maneno yaliyochapwa kwenye ukingo wa kitambaa msiyategemee peke yake. Vlisco, kiwanda cha Helmond, Uholanzi, kilichoanza mwaka 1846, ni halisi, lakini jina lake huigwa kila kona, na bei ndogo ya kushangaza ni jibu tosha.

Khanga ni nyembamba na hutaka bitana. Mpangilio wake una pindo (ukingo unaozunguka), mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yaliyoandikwa), na fundi asipoambiwa anaweza kukata katikati ya jina ukabaki na nusu methali kiunoni. Mwambieni jina likae wapi: chini ya sketi, mgongoni, au liondolewe kabisa. Shuka la Kimaasai hupendeza kama bitana ya koti au kola. Likishonwa nguo nzima huwa zito na hufumuka kingo, lazima lipigwe ovaloki (mshono wa mashine unaofunga kingo). Kitambaa cha rangi za kijeshi msiguse. Tanzania raia haruhusiwi kuvaa nguo zinazofanana na sare za jeshi, na fundi mwenye akili zake atakataa kukishona.

Mkivaa sare, yaani kundi zima kitambaa kimoja, nunueni yote siku moja, duka moja, kutoka mzigo mmoja. Kitenge cha namba ile ile kilicholetwa mwezi mwingine kinaweza kutofautiana rangi kidogo, na kwenye picha ya pamoja kidogo hicho kinaonekana.

Kuloweka, hatua inayorukwa

Pamba hurudi inapofuliwa mara ya kwanza, hata inchi moja kwa kila yadi. Gauni lililoshonwa likafika kifundo cha mguu litarudi likining'inia juu yake. Jioni ya siku ya kununua, loweka kitambaa kwenye maji baridi ya kawaida nusu saa, kila rangi beseni lake, usikamue kwa nguvu, anika kivulini, piga pasi asubuhi. Jambo hili lifanyeni wenyewe gesti. Fundi akisema atalifanya, hatakuwa na nafasi ya kuanika. Vitambaa vya suti vya mchanganyiko wa poliesta haviihitaji.

Kumchagua fundi

Tazama nguo zilizokwisha, zilizotundikwa zikisubiri wenyewe. Zigeuze ndani, kwa ruhusa. Nyuzi ziwe zimenyooka, kingo zimepigwa ovaloki au kukunjwa, zipu imelala bila mawimbi, na maua ya kulia na kushoto yamekutana kwenye mshono wa mbele. Vuta mshono wa pembeni kidogo kwa mikono miwili: ukiona mwanga kati ya nyuzi, mishono yake ni mirefu mno. Mishono 10 hadi 12 kwa inchi ni kazi nzuri kwa kitenge.

Uliza pia habari ya umeme. Charahani ya miguu haijali umeme ukikatika, ila ovaloki nyingi ni za umeme, na mara nyingi mafundi kadhaa wanatumia moja. Ndiyo maana nguo inaweza kuwa imeshonwa yote lakini haijatoka. Pasi ya mkaa nayo ina cheche. Kwa kitambaa chepesi mwombeni aweke kitambaa kingine juu anapopiga.

Kundi la watu sita msilirundike kwa mtu mmoja. Fundi mzoefu asiyekatizwa anamaliza magauni mawili au matatu ya kawaida kwa siku, na hakuna fundi asiyekatizwa. Mashati na suruali pelekeni kwa fundi wa kiume, magauni kwa wa magauni, koti kwa anayeshona suti kila siku. Sare za kufanana shingo na mikono, hata hivyo, zikatwe na mkono mmoja, kisha wengine washone.

Na salamu. Wanaotoka Nairobi hasa wazingatie hili: huku huanzi na bei. Kwa mzee au mama aliyekuzidi, "Shikamoo, fundi". Kwa wa rika lako, "Habari za kazi, dada", "Mambo vipi, kaka". Sema "naomba unishonee", acha "nataka". "Nipe" na "leta" zinazopita bila kelele Nairobi, hapa zinasikika kama amri, na bei inakuja na hasira yake. Mnachokiita leso huku ni khanga. Ukiomba leso utapewa kitambaa cha kufutia jasho.

Kumweleza mshono

Picha ya simu ni mwanzo tu. Gauni la pichani huenda ni la shifoni au hariri inayomwagika. Kitenge cha waksi ni kigumu na husimama. Mshono unaoanguka kwa mawimbi laini hautatoka humo hata fundi awe bingwa. Chagua picha za nguo za kitenge, uwe na picha ya mbele na ya nyuma. Watu wengi husahau nyuma, kisha wanashangaa zipu imewekwa pembeni.

Kinachoshinda picha ni nguo inayokukaa vizuri. Leteni moja kutoka nyumbani. Ikikosekana, Moshi nendeni soko la mitumba la Memorial, jaribu mashati mpaka moja likukae mabegani, linunue kwa bei ya mtumba, mkabidhi fundi kama kipimo. Mwambie wazi asilifumue, alilaze tu juu ya kitambaa na kulifuata. Kumbuka ananakili na makosa yake: shati likikubana kwapani, sema kabla hajakata.

Halafu andikeni. Kwenye daftari moja la kundi, ukurasa mmoja kwa kila mtu: jina, nguo, shingo ya namna gani na kina chake kwa inchi, mikono, urefu, zipu ipi na wapi, mifuko, bitana ipo au haipo, mpasuo una inchi ngapi. Neno "fupi" halina maana. "Inchi 38 kutoka begani" ina maana. Sketi ya kubana bila mpasuo wa inchi 6 hadi 8 itapasuka ngazi ya kwanza ya basi. Kwa chaki, onyesha ua kubwa litakaa wapi, maana miduara miwili mikubwa ikiangukia kifuani hakuna pasi itakayoitoa.

Vipimo

Mafundi hupima kwa inchi. Mwanamke: mabega, kifua, chini ya matiti, kiuno, nyonga, bega hadi kiuno, urefu wa mkono, mzunguko wa mkono wa juu, urefu wote. Mwanamume: shingo, mabega, kifua, tumbo, mkono, urefu wa shati, kwa suruali kiuno, nyonga, paja, goti, mdomo wa chini, urefu wa nje, na kile kinachosahaulika kuliko vyote, kutoka kiuno cha mbele kupita katikati ya miguu hadi kiuno cha nyuma. Suruali nyingi zinazochanika msambani zilikosa kipimo hicho.

Vaa nguo nyembamba, sidiria utakayoivalia gauni hilo, na viatu vyake kama ni refu. Pumua kawaida, usivute tumbo. Tumbo litarudi siku ya harusi. Mwenye nyonga pana apimwe pia akiwa ameketi. Futi ilale bila kuminya, kidole kimoja kipite chini yake. Kisha uliza ameacha nafasi kiasi gani juu ya kipimo cha mwili: kwa kitenge kisichovutika, inchi 2 kifuani na kiunoni kwa gauni la kubana, inchi 4 au zaidi kwa shati. Na muombe aache inchi moja ndani ya mishono ya pembeni. Fundi wengi hukata nusu inchi kubana kitambaa, na nguo hiyo haiwezi tena kupanuliwa.

Asomaye vipimo asitangaze kwa kundi zima. Daftari lishikwe na mmoja asiyecheka.

Bei, kitangulizi na tarehe

Uliza bei kwa vipande: ufundi, bitana, zipu, vifungo, kitambaa kigumu cha kola. Usipouliza, vifaa vitajitokeza siku ya kuchukua. Nguo tano na zaidi zinastahili kupunguziwa, lakini kundi linalosukuma bei chini kabisa ndilo linalowekwa mwisho wa foleni. Lipeni nusu kama kitangulizi, nusu ibaki hadi kila mtu ajaribu. Malipo ni shilingi za Tanzania. Tangu mwaka 2025 kanuni zinakataza bei na malipo ya fedha za kigeni ndani ya nchi, kwa hiyo dola na shilingi za Kenya zibadilisheni kabla.

"Njoo kesho" si tarehe. Muulize: "Kazi zangu ni za ngapi kwenye foleni?" Kisha mkubaliane siku na saa, aandike mwenyewe kwenye kitabu chake na nyinyi kwenye lenu. Wengine humwambia fundi kwamba basi ni kesho kutwa wakati ni siku nne mbele. Mafundi wanaijua hila hiyo tangu zamani na huzirudisha siku hizo kimoyomoyo. Afadhali mpite kila asubuhi, dakika tano, na salamu; aliyeonekana ndiye anayeshonewa.

Kila kitambaa kifungwe peke yake na kipande cha karatasi kilichobanwa kwa pini: jina, nguo, tarehe. Kwa sare hili ni la lazima, maana vifurushi vyote vinafanana na magauni yatabadilishana wenyewe.

Kujaribu

Anzeni na wenye nguo ngumu, wenye mashati wasubiri. Nguo ije ikiwa haina pindo. Inua mikono, keti, inama, tembea, panda ngazi mbili. Soma mikunjo: inayokwenda mlalo nyongani au tumboni inasema pamebana, inayoshuka wima inasema pamepwaya. Shingo ikiachia mbele, tatizo mara nyingi liko begani, na kupunguza kifua hakutaliponya. Pindo la nyuma likipanda kuliko la mbele, makalio yamelivuta. Nyuma iongezwe urefu. Dati ya kifua (mkunjo ulioshonwa kuipa nguo umbo) ikiishia juu au chini ya titi, ihamishwe.

Rekebisheni kutoka juu kwenda chini: mabega, kifua, kiuno, nyonga, mikono, pindo mwisho. Fundi abane pini ukiwa umevaa. Akisema "nimeelewa" bila pini wala chaki, hajaelewa bado. Na tafadhali rafiki mmoja tu awe mshauri. Watu watano wakisema kwa pamoja punguza, ongeza, fupisha, fundi atafuata wa mwisho.

Kuchukua na kusafirisha

Vaa tena, yote. Fungua na kufunga zipu mara tano. Ikikwama sasa itakufa safarini. Hesabu vifungo, angalia matundu yake yamekatwa yote, kagua kwapa na msamba kwa kuvuta, kata nyuzi zinazoning'inia, geuza ndani uone ovaloki. Chukua mabaki ya kitambaa: ni yako, ndiyo kiraka cha baadaye. Kama kitambaa hakijakatwa hadi siku ya miadi, kichukue na kitangulizi chako, kwa upole; mshono uleule utaufanya nyumbani na vipimo mnavyo daftarini.

Njooni na mfuko wa nguo, kwa sababu mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Koti likunjwe bitana ikiwa nje. Gauni la kitenge liviringishwe. Nguo zenu zilizovaliwa hata mara moja hazileti maswali mpakani kama furushi la pisi kumi zisizoshonwa. Mkibakiza nguo moja isiyokwisha, lipeni iliyobaki baada ya fundi kutuma picha zake akiwa ameitundika, mbele na nyuma, kisha aipeleke kama kifurushi kwenye basi la Nairobi na kuwatumia namba ya risiti na namba ya basi siku hiyo hiyo.